Mfukuza Siafu

"Mfukuza siafu hulala na panya." Nimesema hivyo sasa hivi, na nyote mmeniangalia kama mtu aliyepandwa na homa. Wewe Elinami ulikuwa umeshashika kopo la dawa ya kupuliza, unataka kuingia nalo jikoni kwangu ukapigane vita. Liweke chini. Siafu wameingia, sisi tumetoka, na hapa uani kuna jua zuri. Mmeuliza maneno haya yametoka wapi. Haya, vuteni vigoda, kila mtu aangalie miguu yake, na atakayeng'atwa ajikune kimya kimya asinikatize. Chanzo chake ni hiki.

Zamani, huku huku milimani Upareni, nyumba zote zikiwa bado za nyasi, aliishi mwanamke aitwaye Naetwe. Aliolewa na Kiangi, mtu mpole na mchapakazi, ila alimwogopa mama yake kupita kiasi. Huyo mama, Namcharo, aliishi nao nyumba moja. Alikuwa mwanamke wa amri. Akisema ugali umeiva, umeiva, hata kama maji ndiyo kwanza yanachemka. Naetwe alikaa miaka mingi bila mtoto, akayameza maneno ya watu na ya mkwewe pia, mpaka Mungu akamjalia mtoto wa kiume. Wakamwita Mbonea.

Sasa, kulikuwa na desturi mbili. Siafu wakiingia nyumbani, watu walitoka. Mbuzi alifunguliwa, kuku walitolewa, mtoto akabebwa, mlango ukaachwa wazi, nyumba nzima ikahamia kwa jirani. Jirani hakuuliza mtaondoka lini. Aliwapa makande, mkala, mkangoja, na siafu wakimaliza yao mkarudi kwenu. Kwa nini ilikuwa hivyo? Hakuna aliyejua. Ukiuliza unaambiwa, "Ndivyo tulivyokuta." Desturi ya pili mnaijua: mtoto mchanga hatolewi nje mpaka arobaini iishe.

Basi asubuhi moja, arobaini ya Mbonea haijaisha, siafu wakaja. Walitoka kwenye ukingo wa mfereji, wakavuka uani, wakaanza kupanda ukuta. Naetwe akamkumbatia mtoto, hajui avunje desturi ipi. Namcharo hakusita. "Mjukuu wangu hatoki," alisema. "Watatoka wao." Akachota makaa na majivu ya moto kwa kigae, akawamwagia mlangoni na ukutani. Kiangi akatumwa awafuate mpaka kwenye shimo lao kule mferejini, akamwaga makaa na maji yanayochemka. Jua lilipofika utosini hakuna siafu hata mmoja aliyekuwa anatembea.

Naona Elinami anatabasamu. Unasema si walifanya vizuri, siafu wanaweza kumuua mtoto mchanga? Walifanya vizuri, nani amekataa? Siafu si mchezo. Hata mimi siku ile ningeshika kigae. Shida ya binadamu ni kwamba akifanikiwa mara moja, hajui tena kuacha.

Arobaini iliisha, Mbonea akatolewa nje, akaoneshwa jua na milima. Lakini Namcharo alikuwa ameshaionja dawa yake. Siafu wakionekana hata kwa mbali, makaa. Majirani wakaona ni rahisi. Ya nini kuhangaika na mbuzi na kuku na watoto, wakati kigae kimoja kinatosha? Mteremko mzima ukawa unawachoma siafu. Aliyebaki na desturi ya zamani ni mjane mmoja, Nakiete, aliyekaa juu kidogo ya kina Kiangi. Alisema magoti yake hayawezi kukimbia huku na huko na moto. Siafu wakija kwake alichukua kigoda na ugoro wake, akakaa nje. Watu wakamwita mvivu, naye hakujali.

Kisha mambo yakaanza taratibu. Kwanza mende kwenye vibuyu. Halafu viroboto, watu wakajikuna mpaka kwenye msiba. Halafu panya darini. Mwanzoni walisikika usiku tu, baadaye hata mchana wakawa wanapita juu ya mafiga kama wenye nyumba. Walikula mahindi, wakatafuna ngozi ya kulalia. Paka alikula mpaka akashiba, akalala, wao wakaendelea kuzaana. Mitego ilinasa mmoja, wakaja wengine. Watu walishangaa sana. Panya walikuwapo tangu enzi, lakini mbona sasa wamekuwa wengi hivi?

Asubuhi moja Naetwe alimfunua mtoto akaona damu kwenye ngozi. Kisigino cha Mbonea kilikuwa kimeliwa. Si mnajua panya huuma na kupuliza? Mtoto hakulia hata kidogo. Mguu ukavimba, homa ikapanda, na kwa siku kadhaa mtoto hakutaka ziwa. Naetwe aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alikuwa amemngoja mtoto huyu miaka yote ile, na sasa alikuwa anatafunwa kidogo kidogo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Homa iliposhuka hakuthubutu tena kulala. Alikaa ameegemea ukuta na mtoto mapajani, akisinzia na kushtuka.

Namcharo naye alikuwa na jibu lake. "Panya hawa ni wa kutumwa," alisema. "Kwa Nakiete hakuna hata mmoja. Jiulize."

Naetwe akajiuliza kweli, na kwa kuwa hakupata jibu, akambeba mtoto mgongoni akapanda kwenda kumuuliza mwenyewe. Alimkuta Nakiete amekaa nje kando ya migomba, mlango wa nyumba uko wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usisogee sana, nina wageni ndani."

Naetwe akaangalia chini. Mstari mweusi wa siafu ulikuwa unaingia mlangoni.

"Nimekuja kukuuliza jambo, mama, naomba usinikasirikie. Wanasema panya wetu umetutumia wewe."

Nakiete akacheka mpaka ugoro ukamwagika. "Ningejua kutuma panya, ningewatuma kwa mkweo peke yake. Wewe na mtoto ningewaacha."

"Sasa mbona kwako hawapo?"

"Sijui. Kweli kabisa sijui. Mimi nakaa tu hapa, wakiondoka narudi ndani nafagia."

Naetwe akaketi kwenye jiwe. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kuwatazama siafu, jambo ambalo mtu hulifanya mara chache, maana kwa kawaida yuko mbioni. Aliona kwamba mbele yao panzi na buibui walikuwa wanakimbia, na ndege wadogo wa msituni walikuwa wakirukaruka pembeni wakiwadaka. Siku nyingi hakuwa amewaona ndege wale kwao. Kisha akaona kwamba mistari ni miwili. Mmoja ulikuwa unaingia, mwingine unatoka, na waliokuwa wanatoka walikuwa na mizigo. Bawa la mende. Mguu wa buibui. Funza. Halafu kikapita kitu cha rangi ya waridi, kikubwa kama kidole, kimebebwa na siafu wengi kwa pamoja.

"Mama, njoo uone. Hiki nini?"

Nakiete akainuka kwa taabu, akainama. "Kitoto cha panya," alisema. Kikapita kingine. Kikapita cha tatu, kinashushwa kutoka darini. Mjane akatikisa kichwa. "Miaka yote nimekaa hapa nikitazama bondeni. Sijawahi kuangalia wanatoka na nini."

Naetwe akageuka akatazama chini kwao. Alikuwa anavikumbuka vigae vya makaa, kimoja baada ya kingine.

"Tumewachoma," alisema mwishoni. "Tumewachoma wote, mama."

"Sio wote. Hawa hapa."

"Watakuja na kwetu?"

"Hilo nalo sijui. Siafu haitwi kama mbuzi."

Na kweli hawakuja upesi. Shimo lile la mferejini lilikuwa limekufa. Kila akienda kuteka maji Naetwe aliinama akaangalia ukingo, akaona udongo mtupu. Alimweleza Kiangi alichokiona, Kiangi akamwamini, lakini nani wa kumweleza Namcharo? Mvua za masika zikaanza. Mtoto akaanza kutambaa, na usiku bado alilala mapajani.

Ndipo asubuhi moja, mvua imekatika, siafu wakatokea. Walikuja kutoka juu, upande wa Nakiete, wakavuka uani. Namcharo alikuwa wa kwanza kuwaona. Naetwe aliposikia kigae kikikwangua jikoni alimfunga Mbonea mgongoni, akaenda akasimama mlangoni, hapo hapo kwenye njia ya siafu. Wakaanza kumpanda miguuni.

"Mama, nisamehe," alisema. "Leo hapana."

Hakuwa amewahi hata siku moja kumzuia mkwewe. Namcharo alisimama na kigae cha makaa mkononi, hakuamini.

"Toka mlangoni. Unataka wamle mjukuu wangu?"

"Mjukuu wako huyu hapa mgongoni, na tunatoka naye sasa hivi. Siafu tunawaona wakija, mama. Tunambeba mtoto, tunaondoka. Panya nani alimwona? Na hawa niliwaona kwa Nakiete wakitoa vitoto vya panya darini." Miguu ilikuwa inamuuma vibaya. Akageuka, akautoa mguu wa mtoto kwenye nguo. "Tazama kisigino chake. Aliumwa ndani, mlango umefungwa, mimi nimelala upande huu na wewe upande ule. Sote wawili tulikuwepo."

Namcharo akakitazama kisigino. Kovu lilikuwa limekauka, na kipande cha nyama hakikurudi. Alikitazama kwa muda mrefu. Kiangi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuchukua kitu mkononi mwa mama yake bila kupewa, akasogea, akakichukua kile kigae polepole, akakimwaga matopeni.

Wakafungua mbuzi. Wakatoa kuku. Wakapanda wote kwa Nakiete, nao hawakuulizwa wataondoka lini. Mbonea akalala kwenye mkeka mchana kweupe, na mama yake akalala pembeni yake, usingizi ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu.

Jirani mmoja akapita njiani, akaona mlango wa kina Kiangi uko wazi na nyumba imejaa weusi. Akapiga kelele kutoka chini, "Namcharo, siafu wanaimaliza nyumba yako. Makaa yamekwisha leo?"

Naetwe alikuwa usingizini, na Kiangi akainamia makande yake. Namcharo akamtazama mjukuu wake aliyelala, akakifunika kile kisigino kwa upande wa nguo, kisha akamjibu jirani.

"Nyamaza, utamwamsha mtoto. Mfukuza siafu hulala na panya."