Shibe ya Sultani Shahnuri kabla ya Pilau

Hapo zamani, enzi ambazo msaada wa nchi ya ng'ambo ulikuja juu ya mgongo wa punda na mwenye kuutoa akapanda punda wa mbele, palikuwa na chuo kikuu katika mji wa Ndalani. Usidhani kilikuwa na kuba la dhahabu. Kilikuwa na ukumbi mmoja wa maana, jiko, na paa lililovuja mahali pale pale alipokaa mwalimu. Lakini ndicho kilichofundisha wakunga wa vijiji vyote vya milimani, na mwanamke aliyejifungua salama huko alijua amshukuru nani baada ya Mungu.

Mkuu wa chuo alikuwa Bi Mwanakheri, mama mwenye sauti ya upole na uso wa mtu aliyechoka kuomba. Na humo chuoni alikuwamo bwana mmoja jina lake Ngwali, hana mbele wala nyuma, aliyekula jikoni mwa chuo kwa kazi moja tu. Wanafunzi walipotaka kujifunza, Ngwali alijilaza mkekani akajifanya mama mwenye uchungu. Akalia, akauma shuka, akamlaani mume ambaye hakuwapo. Kazi hiyo aliifanya kwa ustadi hata siku moja jirani mgeni, aliyevisikia vilio kutoka nje, akaleta uji wa pilipili manga wa kumpongeza mzazi. Ngwali akaunywa wote bila kumsahihisha mtu.

Basi ikawa mwaka ule mfuko wa chuo ukakauka kabisa. Bi Mwanakheri akawaita watu wake, akawaambia wazi kwamba mvua zikianza atafunga milango, wanafunzi warudi kwao, na wanawake wa milimani wajifungue watakavyojifungua. Alipokwisha kusema akageuzia uso ukutani, kwani hakupenda waone machozi yake. Tumaini lililobaki lilikuwa moja tu. Sultani Shahnuri wa ng'ambo, ambaye utajiri wake ulikuwa ukimkera hata yeye mwenyewe, alikuwa na Hazina ya Hisani kwa ajili ya kusaidia vyuo vya nchi nyingine, na sasa alikuwa akizunguka kuvikagua, naye yu njiani kuja Ndalani.

Sultani huyo hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake lilikuwa Waziri wa Hisani, Bwana Fahami, aliyemfundisha kwamba fedha haitolewi mpaka matokeo yaonekane. Chuo cha wanajimu kilinyimwa kwa sababu walishindwa kumwonyesha nyota watakayoigundua kwa darubini ambayo hawajainunua. Chuo cha kilimo kilinyimwa kwa kushindwa kumwonjesha tikiti la mbegu ambayo bado haijapandwa. Maprofesa wazima walitoka mbele yake wakitikisa vichwa, wengine wakiwa wameanza kujiuliza kama kweli walisoma.

Sultani akawasili Ndalani adhuhuri, na tangu alfajiri hakuwa ameweka kitu kinywani, maana Waziri alishikilia kwamba kula njiani ni ubadhirifu. Akaingia ukumbini, akakaa juu ya zulia bora kuliko yote, yaani lililokuwa na tundu moja. Jikoni pilau ilikuwa motoni, na harufu ya bizari ikapita mlangoni bila kubisha hodi.

"Ewe Bi Mkuu," akasema Sultani, akijaribu kutoitazama njia ya jikoni, "sifa zenu nimezisikia. Wataka nini kwetu?"

"Maulana, nataka fedha ya kuwafundisha wakunga."

Waziri akakohoa. "Utaratibu wa Hazina wajulikana. Kwanza mtuonyeshe wakunga waliofunzwa kwa fedha hiyo. Kisha mtuhakikishie kwamba fedha ikiisha kazi itaendelea milele, wala hamtarudi kuomba. Tena kila jambo lithibitishwe na mtaalamu atokaye kwetu."

"Na fedha yenyewe, Bwana Waziri?"

"Itafuata."

"Ndivyo sheria ilivyo," akasema Sultani. "Nawapa hata alasiri. Mkishindwa, sisi twaendelea na safari, na hazina yaenda mji wa mbele."

Bi Mwanakheri akaanza kugeuzia uso ukutani. Ndipo Ngwali akatokea mlango wa jikoni, kitambaa begani, akainama mpaka kofia ikamdondoka.

"Maulana, masharti yote twayakubali, na jawabu mtalipata. Lakini kwetu mgeni hasemeshwi akiwa na njaa. Tafadhali mle kwanza."

Sultani hakuhitaji kubembelezwa. Jamvi likatandikwa, akasogea, na Waziri akasogea pembeni yake. Ngwali akaja na birika na bakuli, akammiminia Sultani maji, Sultani akanawa. Ngwali akammiminia tena, akampa taulo, akampa na kijiti cha kuchokolea meno, kisha akakunja jamvi upande mmoja.

"Ahsante kwa kula kwetu, Maulana. Karibu siku nyingine."

Sultani akakitazama kile kijiti. "Chakula ki wapi?"

"Kiko jikoni, Maulana, kimeiva vizuri. Twangoja matokeo tu."

"Matokeo gani?"

"Shibe, Maulana. Jiko letu limeusikia utaratibu wa Hazina, likaupenda, likauchukua mzima mzima. Hatupakui pilau mpaka mlaji atuonyeshe shibe aliyoipata kwa pilau hiyo. Maulana na apige mbweu moja tu, nasi tutampakulia."

Walinzi wa Sultani wakainamisha vichwa kana kwamba wameangusha sindano. Ngwali akaagiza sufuria ifunuliwe, na harufu iliyotoka humo ingeweza kumfufua mtu. Basi Sultani Shahnuri, bwana wa nchi na bandari zake, akameza hewa, akajikaza, akavimba mashavu. Kilichotoka kilikuwa kama mlio wa mlango mbovu.

Ngwali akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hiyo ni njaa, Maulana. Sauti yake twaifahamu sana hapa."

Waziri hakuweza kuvumilia kumwona bwana wake akiaibika, naye pia hakuwa amekula tangu alfajiri. "Mimi nitapiga kwa niaba ya Maulana," akasema.

"Je, Bwana Waziri ni mtaalamu?"

"Tangu ujana wangu."

Akavuta pumzi, akapiga mbweu iliyowarusha njiwa wote kutoka darini. Ngwali akainama kwa heshima kubwa.

"Imepokelewa. Shibe ya mtaalamu imethibitika mbele ya mashahidi. Limebaki neno dogo. Maulana atuhakikishie kwamba pilau ikiisha, yeye atabaki ameshiba milele, wala kesho asubuhi hatauliza chai."

Hapo Sultani akasimama. "Ewe mwendawazimu, ni nani alaye leo akashiba hata kesho?"

"Hatujampata bado, Maulana. Ndiyo maana jiko letu halina gharama."

"Na mimi nitaonyeshaje shibe ya chakula nisichokila?"

Akaisikia sauti yake mwenyewe ikizunguka ukumbini. Bi Mwanakheri ndiye aliyesogea mbele, na safari hii hakugeuzia uso ukutani.

"Maulana, hilo ndilo tulilotaka kukuuliza. Mkunga ambaye sijamfundisha siwezi kukuonyesha. Naweza kukuonyesha wale tuliowafundisha zamani, na watoto waliopokewa na mikono yao. Wako wanawake watakaojifungua mvua hizi, nao hawana habari na utaratibu wetu wala wenu. Naona haya kuomba, lakini haya ya kufunga mlango ni kubwa zaidi."

Sultani akakaa tena, polepole. Kwanza yalitikisika mabega yake, kisha ndevu, halafu kicheko kikamshinda hata kilemba kikaanguka kwenye bakuli la kunawia. Alipoweza kusema, aliagiza makasha ya fedha yashushwe migongoni mwa punda na kuletwa ndani.

"Fedha kwanza," akasema. "Mavuno yakipita nitarudi kuwatazama wakunga hao, nami nitakuja nimeshiba."

Waziri akainua kidole. Sultani akamtazama, na kidole kikashuka.

Pilau ikaletwa katika sinia, na nyama yake ya kuku, na kachumbari, na ndizi pembeni. Sultani akatia mkono, akafumba macho. Waziri naye akanyoosha wake, lakini Ngwali akaushika kwa adabu.

"La, Bwana Waziri. Wewe umekwisha kushiba. Tumeandika."

Waziri akamgeukia Sultani kuomba hukumu.

"Ni kweli," akasema Sultani, kinywa kimejaa. "Hata njiwa walisikia."

Basi Waziri akaketi mikono mapajani, akiutazama mlima wa wali ukishuka. Sultani akataka kumpa Ngwali cheo katika Hazina, Ngwali akashukuru akakataa, akasema afadhali mapaja ya kuku, akapewa. Watu wote wakala, wanafunzi, walinzi, na mwenye punda.

Mwishowe Bi Mwanakheri moyo ukamshinda. Akaingia jikoni, akakwangua ukoko chini ya sufuria, akaweka juu yake kipande kizuri cha nyama, akamletea Waziri. Waziri akaipokea sahani, asiile, akamtazama yule mama akingoja masharti. Bi Mwanakheri akamwambia, "Kula, mwanangu," akaenda zake kutafuta pa kuyaweka makasha yasivujiwe.

Akala mpaka akalamba vidole. Na mbweu aliyoipiga baadaye, peke yake pale pembeni, ilikuwa ndogo sana, lakini ilikuwa ya kweli.