Kiti cha Mizani

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnisaidie jambo linalomkosesha Mwantumu usingizi.

Katika duka moja kubwa pale Tanga walikuwapo wasukuma toroli watatu, kila mmoja na karama yake. Bi Sikudhani alikuwa na masikio: gurudumu likilia stoo, yeye kule mbele keshajua toroli lipi. Kibwana alikuwa na kifua: gunia la kubebwa na wawili, yeye hulipakata kama mtoto. Shemboza alikuwa na miguu: hujamaliza kumtuma, keshafika.

Mwantumu yeye alipanga bidhaa chini ya mteremko unaotoka stoo. Siku hiyo mlezi wa mwanawe kaugua, afanye nini, akaja naye kazini, akaketi pale chini amnyonyeshe. Juu ya mteremko huo limesimama toroli limesheheni unga. Breki zilikufa zamani. Desturi yao ni kuzuia gurudumu kwa kabari ya mbao. Kibwana akaona mtoto anatoka jasho, akaichomoa kabari ile akauzuia nayo mlango wa stoo usijifunge, upepo uingie.

Toroli likaondoka.

Bi Sikudhani akasikia kabla ya yeyote kuona. "Mwantumu, toka hapo!" Akakimbia akaudaka mpini, toroli likapunguza mwendo, mkono ukateguka.

Kibwana akalikinga kwa kifua. Likasita kidogo tu, mbavu zikavunjika.

Shemboza akamvuta mama na mwana. Gurudumu likapita juu ya mguu wake mwenyewe.

Mtoto hata ziwa hakuliachia.

Mwenye duka akasema, "Kazi ya kukaa ninayo moja, kiti cha mizani ya mboga. Wawili watakaobaki, wakipata nafuu, warudi kwenye toroli. Mwantumu, uliyeokolewa ni wewe, chagua. Kesho nataka jina."

Mwantumu akampandisha mtoto begani.

"Mwanangu, nisingepiga kelele ungegeuka?" akauliza Bi Sikudhani.

"Kelele hazimbebi mtu, bibi," Shemboza akacheka, huku anauma meno kwa maumivu.

Kibwana akainama. "Kabari niliichomoa mimi. Msinihesabu."

"Hebu nyamaza!" Bi Sikudhani akamkemea. "Si ulimwonea huruma mtoto? Na hizo mbavu ni za nani?"

Mwantumu akamtazama huyu, akamtazama yule. Akimkalisha mmoja, wawili anawarudisha mwenyewe kwenye mteremko ule ule, na majeraha yao.

Haya, semeni nyie, maana yeye bado kasimama, mtoto begani: ungekuwa wewe, ungemkalisha nani?