Muhuri wa Bhimai Mfinyanzi

Wamehadithia wazee wa Bara Hindi kwamba zamani palikuwa na mwimbaji, jina lake Sadoba, aliyemsifu Krishna, Mola wa watu wale, kwa sauti ya kutoa watu machozi. Sauti alijaaliwa, utunzi hakujaaliwa hata chembe.

Na desturi yao ni hii: mtunzi wa wimbo wa ibada hutia jina lake katika ubeti wa mwisho. Huo ndio muhuri wake. Lakini Bhimai, mfinyanzi mjane, alitunga huku akikanyaga udongo, wala muhuri hatii. Watu wa kazi yake walihesabiwa duni, hawavuki lango la hekalu. Sadoba akawa anamsikiliza njiani, anazihifadhi tungo zake, anazitia jina lake mwenyewe. Wizi mtupu, tusiupambe.

Ikafika sikukuu. Kuhani mkuu alikwishatangaza kuwa atakayeimba vizuri kuliko wote atakuwa mwimbaji wa hekalu maisha yake yote. Sadoba akaimba. Watu wakatetemeka, mahasimu wakashikana mikono. Alipoufikia ubeti wa mwisho, atamke "asema Sadoba", jina likamkwama kooni kama mfupa.

"Malizia, bwana!" kuhani akamhimiza. "Umelisahau jina lako?"

"Sijalisahau, mheshimiwa. Ila hapa si mahali pake. Wimbo huu ni wa Bhimai mfinyanzi."

"Yule wa matope?" Watu wakaguna. Kuhani akamnong'oneza, "Sema Sadoba, mpumbavu wewe, na cheo ni chako!"

"Miaka mitatu namdanganya Mola mbele ya uso wake. Inatosha."

Akatolewa kwa kusukumwa. Akaenda moja kwa moja kwa Bhimai, akaanguka miguuni pake.

"Mama, nimekuibia."

"Najua. Sauti yako huvuka ukuta wa hekalu," akajibu Bhimai, miguu haijaacha kazi. "Mimi husema moyoni, angalau mwizi wangu anaimba kunishinda! Nilingoja useme mwenyewe. Haya, inuka ukanyage, udongo unakauka."

Sadoba akaingia matopeni, wakaimba pamoja. Mara wakasikia nyayo. Watu walikuwa wakitoka hekaluni, mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi, maua yao mikononi, wakaketi kulizunguka shimo la udongo. Hakuna aliyewaita. Mle ndani alibaki kuhani na taa zake.

Basi tuzingatie: mkweli hanyang'anywi kitu, ila kile ambacho tangu awali hakikuwa chake.