Friji Iliyoahidiwa Mama Mkwe

Tajiri Shebe, aliyeanza kama fundi, siku hizi aliuza friji mpya pale Tanga. Kila ya zamani aliyoletewa aliigonga kwa kidole na kusema imekufa. Ya Bi Mwanahawa hakuifungua hata skrubu moja.

“Basi mwanangu, nitanunua mpya,” alisema Bi Mwanahawa. “Hii nilimwahidi jirani yangu, mama mkwe wako. Nitamwambia imekufa, ila mkwewe atamletea nyingine kutoka dukani kwake.”

Shebe alichukua bisibisi. “Mama mkwe hapewi kitu kibovu. Niachie niiangalie.”

Kufikia alasiri friji ilikuwa inagandisha barafu, na Shebe hakutaka malipo.

Bi Mwanahawa aliipakia kwenye mkokoteni. “Sasa mpya ya nini? Na mama mkwe wako hanywi maji baridi, mwanangu. Yanamuuma meno.”