Daktari Aliyeonea Wivu Toba ya Mwenzake

Najua nusu yenu simu ziko mkononi hata sasa hivi. Kaeni nazo tu, maana mfano wa leo unatoka humo humo.

Palikuwa na daktari wa mifugo mmoja, msomi, mtanashati, kazi yake anaijua. Alikuwa na ukurasa kwenye ule mtandao wa watu wa kazi, ule ambao hakuna asiye na cheo, kila mtu ni mkurugenzi wa kitu fulani. Humo aliweka picha zake: koti jeupe, buti zisizo na tope, na maneno mazito chini yake. Waliompenda walikuwa wachache, na wengi wao shemeji zake.

Sasa, mwenzake waliyesoma naye darasa moja, jioni moja akaandika hivi: "Leo ng'ombe wa mteja wangu amekufa kwa kosa langu. Nilidhani ni uchovu wa kuzaa, kumbe ni homa ya maziwa. Mwenye ng'ombe nimemwambia ukweli. Wenzangu, msirudie kosa hili." Basi. Hakuna picha wala mbwembwe. Watu wakamiminika kumsifu, wafugaji wakamtafuta, na chama cha ushirika wa maziwa, kilichokuwa kinatafuta daktari wa kudumu, kikaanza kumtaja.

Daktari wetu aliitaka nafasi ile kufa na kupona. Wivu ukamwingia. Akifungua simu anasoma sifa za mwenzake, akiifunga anazikumbuka neno kwa neno. Mtu kaua ng'ombe, anashangiliwa, na yeye aliyepiga pasi koti lake hakuna anayemwona. Je, ugonjwa huo umewahi kukushika? Usimwangalie jirani yako, jibu moyoni.

Mkewe akamwambia, "Baba Anande, kizuri chajiuza. Wewe fanya kazi, watu watakuona."

"Kinajiuza wapi?" akamjibu kwa ukali. "Yule kajitembeza na mzoga, na bado wanamgombea."

Akakaa chini, akatunga kosa. Mmenisikia? Hakuonea wivu gari, hakuonea wivu nyumba. Alionea wivu toba ya mtu. Akaandika kwamba zamani alichelewa kufika kwa mama mmoja mjane, ng'ombe wake pekee akafa; kwamba alipiga magoti zizini, akaomba radhi, wakalia pamoja. Hata machozi yake mwenyewe aliyaeleza vizuri.

Asubuhi watu walikuwa wamejaa kwenye ukurasa wake kuliko kwa mwenzake. Alihakikisha hilo kwanza, kabla hata ya kunawa uso. Kisha mwenyekiti wa ushirika akampigia simu: "Daktari, moyo kama huo ndio tunaoutafuta. Njoo Jumatatu tuzungumze." Roho yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu wivu umwingie.

Mchana ikaingia komenti moja.

"Daktari, nimesoma mpaka machozi yamenitoka. Nilijua umeshamsahau ng'ombe wangu. Siku ile nilikupigia tangu alfajiri mpaka akafa, na baadaye ukanifungia namba. Kumbe uliumia. Mimi nimekusamehe. Ila hukuja kwangu, wala hatukulia pamoja. Hapo umekosea kuandika. Njoo hata leo, nipo nyumbani."

Alikuwa amemsahau kweli, jamani. Alitunga mjane wa uongo, na mjane wa kweli akaitika. Mnadhani alifanya nini? Angeweza kuvaa buti aende. Hakwenda. Aliifuta ile komenti haraka haraka, lakini mwenyekiti alikuwa ameshaisoma, na Jumatatu nafasi akapewa mwenzake.

Wengine mnasema moyoni, afadhali, amepatikana. Mimi sicheki. Kinachoniuma ni yule mama. Alikuwa ameshasamehe. Kazi ngumu aliimaliza yeye, daktari alibakiza kwenda tu, naye akaona heri amfute.

Ndugu zangu, ndivyo tulivyo. Tunatamani sifa ya mtu mkweli, lakini ukweli wenyewe tunaukwepa. Tunaona jirani anapendwa kwa unyofu wake, tunauiga unyofu kama mshono wa gauni. Tunaungama hapa mbele dhambi nzuri nzuri, zenye kuliza watu, na ile yenyewe, yenye jina la mtu na namba yake ya simu, tumeifungia. Mungu utampostia nini asichokijua?

Wewe unamjua ni nani. Jina lake limeshakujia tangu nilipomtaja yule mama. Basi simu si unayo mkononi? Usiandike kitu. Mpigie. Toka nje sasa hivi ukampigie, sisi tutaimba wimbo mmoja tukikungoja.