Gari la Chini ya Turubai

"Kilichosimama mno hutetemeka kikienda." Mmemsikia shangazi yenu akimtupia mtu maneno hayo, mkanijia mbio kuuliza yametoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Tukuyu.

Asumwisye alinunua gari jipya, akalifunika turubai uani tangu mahindi yanapandwa. Litaanza kazi, alisema, siku ya kumpeleka binti yake Atupele kanisani. Mkewe, mwenye magoti mabovu, alikwenda hospitali kwa bodaboda huku gari limekaa tu. Akilalamika, huambiwa, "Subira yavuta heri." Mahindi yakavunwa, turubai likaota ukungu.

Siku ya harusi ikafika. Hawajamaliza hata mteremko wa kwanza, usukani ukaanza kumtetemekea Asumwisye mikononi. Wakwe walikwisha kufika kanisani Mbeya, mchungaji hana mchezo na saa, na bibi harusi alikuwa nyuma akimtazama baba yake kwenye kioo. Akipunguza mwendo, mtetemo. Akiongeza, mtetemo zaidi. Akasema ameuziwa gari bovu. Mara akamshuku jirani mwenye kijicho. Mwisho akatamani kulia.

Alisimama kwa fundi wa matairi, njiapanda. Fundi akajaza upepo uliopungua, akakaza nati, akainua gurudumu kwa jeki. Kisha akashika kijiti karibu na tairi, akalizungusha polepole. Kijiti kiligusa mpira kote, isipokuwa mahali pamoja palipobonyea.

"Mzee, matairi yamelala upande mmoja. Gari hili limesimama muda gani?"

"Jipya hili!" Asumwisye alifoka. "Halijaenda popote!"

"Ndiyo maana nauliza."

Mkewe, aliyeketi kiti cha mbele, alicheka kicheko kisicho na furaha. "Baba Atupele, mimi nikiketi kutwa, nikiinuka si natetemeka mpaka magoti yapate moto? Mbona hilo hukuwahi kuliuliza? Twende, mtoto anachelewa."

"Mama kasema kweli," fundi akaitikia. "Nenda taratibu. Yakipata moto yatajinyoosha. Yasipojinyoosha, ubadilishe."

Wakaondoka. Kila kona Asumwisye alijisikiliza mikono, jasho likimtoka. Walipopita Kiwira mtetemo ulipungua, na walipokaribia Mbeya usukani ulikuwa umetulia kabisa. Mchungaji alikuwa mlangoni, anatazama saa. Harusi ikafungwa.

Jumatatu asubuhi Mama Atupele alitoka kutafuta bodaboda ya kwenda hospitali. Alikuta turubai limetandazwa uani, limeanikiwa mahindi, na gari linanguruma, mlango wa abiria uko wazi.

"Panda," Asumwisye alisema. Aliona haya hata kumtazama.

Gari lilikuwa limetulia, lakini mikono ya mzee juu ya usukani ilitetemeka. Mama Atupele aliiona. Akaketi, akafunga mlango, akacheka, na safari hii kwa furaha.

"Twende tu, mume wangu," akasema. "Kilichosimama mno hutetemeka kikienda."