Kiboko Aliyekusanya Wachezaji Wote

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma huko mmelala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sogeeni. Watoto mbele. Na nyinyi wakubwa msijifanye mnachambua mboga, masikio yenu nayaona. Hii ni yenu zaidi.

Zamani, zamani ile wanyama walipokuwa na sheria zao na michezo yao, palikuwa na bwawa moja. Moja tu, nchi nzima. Upande mmoja lina kina, maji safi, baridi, unaona changarawe mpaka chini. Upande wa pili tope. Masika hakuna aliyejali, kila shimo lina maji. Lakini kiangazi kikiingia, mashimo yakikauka kau, wote walikimbilia bwawani. Na wote wangetaka kunywa penye kina, wangekanyagana wafe.

Basi wakaamua kwa mchezo. Wakatundika vikapu viwili vya ukindu, kimoja kwenye mgunga wa huku, kimoja kwenye mgunga wa kule. Wakachemsha utomvu wa mbungo, wakafinyanga mpira. Unaudunda, pu! pu! pu! Unaurusha kikapuni, chwaa! Vikundi vilikuwa vinne: Majabalini, Vichakani, Korongoni na Bwawani. Kikundi kinachoshinda kinakunywa penye kina kiangazi kizima. Wengine wote, topeni.

Ilikuwa sheria kali, lakini wanyama waliivumilia. Kwa nini? Kwa sababu mwaka huu walishinda Majabalini, mwaka ujao Vichakani, mwaka mwingine Korongoni. Hakuna aliyejua. Siku ya mchezo kiwanja kilijaa pomoni, wazee wakabebwa migongoni, maana hakuna aliyejua.

Sasa, Korongoni kulikuwa na mama mmoja, Ngiri. Ndiye aliyekuwa nahodha. Mfupi, mpana, miguu kama vijiti, hawezi kuruka hata kisiki. Lakini kupasia alijua, kuzuia alijua, na kukasirika alijua kuliko vyote. Alicheza na Nungunungu, na Kakakuona, na Mhanga. Na alicheza na Tandala.

Huyu Tandala Ngiri alimwokota. Alimkuta korongoni akiwa ndama, amepotezana na kundi lake, analia. Akamnyonyesha pamoja na wanawe. Alipoota pembe, Ngiri akamsukumia mpira, akamwambia, "Ruka."

Tandala akaruka. Vuu! Chwaa!

"Ruka tena, mwanangu."

Vuu! Jua likabaki chini ya kwato zake. Chwaa!

Ngiri akacheka peke yake. Akajua Korongoni watakunywa penye kina.

Lakini bwawani humo aliishi Kiboko. Kiboko hakuwa mchezaji. Hakuwahi kukimbia hata hatua moja nyuma ya mpira. Yeye alikuwa mkubwa wa Bwawani, basi, kazi yake kulala majini na kusema. Mwaka mmoja Bwawani walishinda, wakamiliki kina, na Kiboko akapata wazo. Akamwita Mbega, mrukaji wa Majabalini.

"Njoo uchezee Bwawani," akamwambia. "Utakunywa penye kina, wewe na mama yako na ndugu zako wote."

Mbega akahama. Bwawani wakashinda tena. Kiboko akamwita Duma, mkimbiaji wa Vichakani. Duma naye akahama. Bwawani wakashinda tena. Mnaona ilivyokuwa? Maji yalileta mchezaji, mchezaji akaleta ushindi, ushindi ukaleta maji. Ikazunguka hivyo, na kila ilipozunguka wengine wakazidi kukaa topeni.

Siku moja Fisi, nahodha wa Vichakani, akapita Korongoni anacheka. Kwi kwi kwi!

"Unacheka nini?" Ngiri akamuuliza.

"Nakucheka wewe, dada. Mimi nililia Duma alipoondoka. Leo zamu yako. Nimemwona Tandala bwawani."

Ngiri hakusubiri. Mkia wima, akakimbia mpaka bwawani. Akamkuta Tandala anakunywa penye kina, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Kumbe ni kweli."

"Mama, shikamoo."

"Shikamoo yako kaa nayo! Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Nilikunyonyesha mimi! Nilikunyima nini?"

Tandala akainamisha pembe. "Maji, mama. Najua si kosa lako. Lakini mnanipa mpira kisha mnasimama kunitazama. Nikifunga, mnasema ndiyo kazi yangu. Nikikosa, Korongoni nzima wananiangalia kama nimewaibia. Kisha kiangazi nakunywa tope kama wengine. Nimechoka."

Ngiri akachimba ardhi kwa kwato. Hasira zikamzidi, kwa sababu ndani ya maneno ya yule kijana mlikuwa na ukweli, na Ngiri aliuona.

Kiboko akapiga mwayo majini. "Mwache kijana. Ana miguu yake. Au wewe ulimfunga kamba?"

"Sikumfunga kamba."

"Basi nenda kwenu, mama. Mkiyataka maji haya, shindeni."

Siku ya mchezo ikafika. Bwawani walikuwa na Mbega, na Duma, na Mbuni, na Pofu, na sasa Tandala. Korongoni wakamwingiza Sungura mahali pa Tandala, Sungura mwenyewe anatetemeka. Pu! pu! Duma keshapita. Chwaa! Pu! pu! Mbega keshaning'inia. Chwaa! Tandala akaruka juu ya kichwa cha Ngiri, vuu, chwaa! Wala hakumtazama. Mwanzo watu walishangilia, maana ulikuwa uzuri kuwaona wote pamoja. Kisha wakanyamaza. Kisha wakaanza kupiga miayo. Mchezo haujafika nusu ya muda, nusu ya watazamaji wamekwenda zao. Waliobaki walikuwa wa Bwawani, na Kiboko anacheka, ho! ho! ho!

Kiangazi kikaingia, kikali. Tope likawa zito kama uji uliolala. Kitindamimba wa Nungunungu akalinywa, akaanza kuharisha. Ngiri akaenda tena kwa Kiboko. Safari hii hakupiga kelele. Ngiri, yule Ngiri, alipiga magoti.

"Mzee Kiboko, mtoto wa mwenzangu anakufa. Nakuomba maji ya kujaza jani moja tu."

"Sheria ni sheria," akasema Kiboko. "Nilisema shindeni."

"Tushinde kwa nani? Wote umewachukua!"

"Hilo si shauri langu."

Akarudi na jani tupu. Mtoto alikuwa amekwisha kata roho. Nungunungu hakulia. Ila miiba yake ilisimama siku ile, na haikulala tena kiangazi kizima. Hata alipolala yeye, miiba imesimama.

Ngiri akaitazama ile miiba. Akasema moyoni, mimi nilikuwa namkasirikia Tandala. Nilikuwa mjinga. Tandala aliona kiu. Aliyekaa juu ya maji ni nani?

Mwaka mwingine, siku ya mchezo ikafika. Filimbi ikalia. Ngiri akauchukua mpira. Hakuupasia. Akatembea nao mpaka katikati ya kiwanja, akaketi. Puu!

Watazamaji wakasimama kuona.

"Inuka ucheze!" Kiboko akanguruma.

"Sichezi."

"Wewe nahodha wa Korongoni, inuka!"

"Sichezi!"

Nungunungu akaja, miiba imesimama, akaketi karibu yake. Puu! Mhanga akaja. Puu! Kakakuona akajikunja akawa kama mpira wa pili. Sungura naye, anatetemeka, akaketi.

Kiboko akacheka. "Vizuri. Mmekataa kucheza, mmeshindwa. Nani anafuata? Vichakani!"

Fisi akaingia kiwanjani. Akamtazama Kiboko, akamtazama Ngiri. Mdomo wake ulitaka kucheka, haukucheka. Akaketi. Majabalini wakaingia na nahodha wao Nyani. Nyani akasema, "Na sisi pia," wakaketi wote.

Kiboko sasa akawaka. "Basi Bwawani watacheza peke yao! Mpira huo! Ucheze, Tandala!"

Pofu akampokonya Ngiri mpira, akamrushia Tandala. Tandala akaruka. Vuu! Alikuwa hajawahi kuruka juu hivyo. Chwaa! Hakuna aliyepiga kelele. Akaruka tena. Chwaa! Watazamaji wakainuka, mmoja mmoja, wakampa kisogo. Akaruka mara nyingine, akashuka, akabaki ameushika mpira.

"Tunacheza na nani?" akauliza Mbega.



Hapo Ngiri akainuka. Akazungumza, na sauti yake ilikuwa inakwaruza kwa hasira.

"Kiboko, nisikilize. Sheria inasema mshindi anywe penye kina. Haisemi mwenye mdomo mpana. Leo hakuna aliyecheza na wewe. Kama hakuna aliyecheza, hakuna aliyeshindwa. Kama hakuna aliyeshindwa, wewe umemshinda nani? Ulidhani sisi ni mavumbi ya kukanyagia. Kumbe sisi ndio tulikuwa nusu ya mchezo!"

Akageuka, akaelekea bwawani, upande wa kina. Nungunungu nyuma yake. Nyani nyuma yake. Fisi nyuma yake. Nchi nzima nyuma yao, vumbi timtimu.

Kiboko akatangulia, akajaa njiani. Akapanua kinywa, meno kama mihimili. "Atakayesogea namtafuna! Wachezaji wangu! Wazuieni!"

Mbega akatazama chini. Duma akatazama kando. Tandala akauweka mpira chini, akaja mpaka mbele ya kile kinywa, akasimama ubavuni mwa Ngiri.

"Niliambiwa nitacheza," akasema. "Huu si mchezo. Tafuna, Mzee, lakini utaanza na mimi."

Kiboko akawatazama. Akawatafuta wake, asione hata mmoja. Akafumba kinywa polepole. Akarudi nyuma, akarudi nyuma, tubwi! Yakabaki mapovu.

Wakanywa siku ile mpaka matumbo yakalia. Kisha wakakaa barazani, Ngiri akasema, "Maji yasiwe tuzo tena. Kila kikundi kitakunywa penye kina kwa zamu. Anayeshinda mchezo apigiwe ngoma, abebwe juu, yatosha. Mchezaji akitaka kuhama, ahame, simfungi mtu kamba. Lakini hakuna kikundi kitakachokusanya nyota wa watu wote. Nyota mmoja wa kuhamia, basi. Na vijana wanaochipukia, aliyeshika mkia ndiye atangulie kuchagua."

"Kwi kwi!" akacheka Fisi. "Basi mimi nitashika mkia kwa makusudi!"

Ngiri akamwonyesha pembe zote mbili. "Jaribu."

Sheria ikapita. Mbega akarudi kwao Majabalini, Duma Vichakani.

Tandala naye akamfuata Ngiri. "Mama, na mimi nirudi Korongoni?"

Mnadhani alimkumbatia? Thubutu! Ngiri alikuwa bado amekasirika.

"Kaa huko huko Bwawani," akasema. "Nakupenda, na wewe wajua. Lakini nataka nikufunge. Nikufunge mchana kweupe, nikikutazama usoni."

Mwaka uliofuata walikutana. Korongoni walikuwa wamechagua kwanza, wakamchukua kijana mmoja wa Swala, mwepesi kama unyoya. Pu! pu! Chwaa ya huku! Pu! pu! Chwaa ya kule! Wazee walisimama, watoto walipanda mabegani. Hakuna aliyejua! Mpira wa mwisho kabisa, Tandala akaruka, Ngiri akamsukuma kwa bega, mpira ukazunguka mdomo wa kikapu, ukazunguka, ukaingia.

Korongoni wakafungwa kwa kikapu kimoja.

Ngiri alikasirika mpaka akachimba shimo kwa pembe zake katikati ya kiwanja, anatukana kila kilichopita. Wanawe wakamvuta mkia: "Mama, twende, leo ni zamu yetu." Akaenda, bado anatukana, akashusha mdomo kwenye maji safi akanywa. Nungunungu alikuwepo, anakunywa kando yake. Mtoto wake hakurudi. Sheria nzuri hazirudishi mtu.

Sasa mnisikilize, wakubwa hasa. Aliye na vingi akiachiwa avute kila mwenye kipaji, anaua mchezo, na wanyonge ndio wanaokufa kwanza. Msimchukie mchezaji aliyefuata maji. Ulizeni ni nani aliyekaa juu ya maji, kisha mkatae kucheza mpaka ainuke.

Ngano yangu imefika ukingoni, nami nimenyamaza. Mwenye yake na atutolee.